Idi Iliyotukuta Shambani

Enzi zetu, sisi tuliolelewa juu milimani Usambara, mwezi wa Idi ni mara chache tuliuona wenyewe. Tuliletewa habari zake. Msimu wa baridi ukungu ulishuka tangu alasiri, wazee wakasimama nyuma ya msikiti wakitazama weupe mtupu. Redio ilikuwa moja, ya mjumbe wa nyumba kumi, na betri zake zilipochoka zilianikwa juani zipate nguvu. Sasa jua lenyewe liko wapi, Lushoto, baridi hiyo?

Mwaka mmoja, tulipokuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, mwezi haukuonekana, tukaamua kukamilisha thelathini. Siku hiyo ilikuwa zamu yetu ya shamba la kijiji. Tukaenda na njaa zetu, pamoja na wenzetu Wakristo wa kambi ya chai. Nilikuwa na miaka tisa, na ndiyo mara yangu ya kwanza kufunga mwezi mzima, basi nilitembea kwa kujikokota makusudi ili watu waone nimefunga.

Saa tano ilikuwa imepita alipotokea shangazi, mdogo wake baba, aliyeolewa Mnazi, kule chini tambarare. Alikuwa amepanda mlima tangu alfajiri, khanga mpya, kikapu kichwani. Alipotuona na majembe, hata shikamoo aliisahau.

"Kaka! Mnalima siku ya Idi?"

"Idi ipi? Sisi tumefunga."

"Mwezi umeandama jana, Mnazi nzima tumeuona! Nimeiacha swala ya kule ili niswali na wewe."

Akakaa juu ya tuta, akalia. Kufunga siku ya Idi ni haramu, na swala yake wakati huisha jua likifika utosini. Msikiti ulikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo ambao wazee wasingeumaliza kabla ya hapo.

"Wagosi, tutaswali hapa hapa," mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliwaambia wanaume wenzake.

Shangazi akafungua kikapu, akatugawia tende moja moja tufungulie. Tukatawadha kwenye mfereji, maji ya baridi ya kuuma mifupa. Wale wa kambi ya chai wakatwambia, "Swalini, sehemu yenu tutaimalizia sisi." Tukatandika khanga na magunia juu ya udongo. Gauni langu jipya, la kitambaa tulichokipangia foleni duka la ushirika, lilikuwa nyumbani limekunjwa, nami nilisujudu na matambara, tope usoni. Nilinuna, kusema kweli. Lakini nilipogeuka nikamwona shangazi anacheka huku machozi hayajamkauka, na baba anampa mkono wa Idi. Jioni tulikula sinia moja, sisi na wa kambi ya chai.

Natamani sana siku ile. Vijana wa leo mwezi wanauona kwenye simu kabla haujaandama, kisha wanabishana na watu wasiowajua. Kijijini kwetu sasa kuna misikiti miwili, na kila mmoja una mwezi wake.

Mwaka jana nilidamka kwenda kuswali Idi na kaka yangu aliyebaki kijijini, pilau ndani ya hotpoti. Simu tunazo wote wawili, lakini kila mmoja alidhani mwenzake anajua Idi ni lini. Nilimkuta anapalilia kabichi, sufuria zake zimeshaoshwa.

"Karibu, dada," alisema. "Sisi tuliswali jana."

Alinawa, akala, akaisifu pilau. Lakini Idi ile ilikuwa yangu peke yangu.