Niliyasema kwenye sala, sasa kaka anataka niyaseme macho wazi

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana kaka yangu ana wambea wanaomrushia kila kitu kwenye simu. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nina mume na watoto wawili, nashona sare za shule hapa mtaa wa Soweto, Mbeya. Kwetu ni Iringa, kijijini kabisa huko milimani. Wanaonifahamu wakisoma maneno marefu haya hawatadhani ni mimi. Kwenye kuandika mdomo ninao, kusimama mbele za watu ndiko kulikonishinda.

Ilianza siku ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi. Nilipewa maiki niwashukuru wazazi, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. MC akasema, "Jamani, bibi harusi betri imekata!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuja akaichukua ile maiki, akashukuru kwa niaba yangu. Siku hiyo nilimwona mkombozi. Kumbe nimempa kazi ya kudumu! Tangu hapo kila kikao cha familia yeye ndiye anayenisemea. "Mdogo wangu ameridhia." "Huyu hana neno." Neno nilikuwa nalo, nikawa nalimeza.

Aliyenifungua ni mama mchungaji wa kanisa letu hapa mtaani. Kila Alhamisi akina mama tunakutana kwa maombi, na kila mmoja lazima aombe kwa sauti. Mimi zamu yangu ikikaribia nilikuwa nakwenda kuangalia chai. Siku moja akanifuata hukohuko kwenye chai. Akaniambia, "Mama, wewe usiongee na watu. Ongea na Mungu, watu wasikilize tu. Ukifumba macho hata hutawaona." Nilianza na sentensi moja, nikalia. Wiki iliyofuata mbili. Ilinichukua karibu mwaka, lakini namshukuru Yesu, leo naombea hata misibani na sauti haitetemeki. Familia wakajua, wakaanza kuniita mama maombi. Kwenye vikao sipewi nafasi ya kuongea, ila kufunga kwa sala napewa mimi.

Sasa sikilizeni. Baba yetu alifariki mwaka juzi. Mwezi uliopita kaka akaitisha kikao cha ukoo kule kijijini. Yeye anaishi Mbalizi, huku Mbeya, ana duka la vifaa vya ujenzi. Hoja yake ilikuwa mama ahamie kwake, eti umri umekwenda, na shamba lote lipandwe miti ya mbao. Asubuhi ya kikao nilimkuta mama jikoni anapuliza moto, machozi yanamtoka, na haukuwa moshi. Akasema, "Mwanangu, mimi nikienda Mbalizi nitakufa nimekaa kwenye kochi. Kaburi la baba yako nani atalifagia? Maharage yangu je?"

Nikamuuliza, "Mama, si uwaambie?"

"Niwaambie mimi, mbele ya wanaume wote wale? Nilijua wewe utasema."

Kikao kikaanza, kaka akaongea, wajomba wakatikisa vichwa. Nilijaribu kunyoosha mkono ukagoma, nimeushikilia kwenye kitenge utadhani umeshonewa humo. Mama hakuulizwa hata neno moja. Mwisho baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye mwenyekiti wa ukoo, akasema, "Haya, tumemaliza. Mama maombi, tufungie."

Wote wakasimama, wakavua kofia, wakafumba macho. Na mimi nikafumba.

Nikasema, "Bwana, tunakushukuru kwa kikao hiki. Lakini wewe asubuhi ulikuwepo jikoni. Umemwona mama akilia. Unajua hataki kwenda Mbalizi. Unajua hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, na mimi nikiwemo, utusamehe. Na kaka yangu, Baba, unajua miche ya miti alishailipia kabla hajatuita hapa. Mguse."

Kaka akakohoa. Nikaongeza sauti. Nani atamkatisha mtu anayeomba? Kabla sijamaliza, mama akasema peke yake, kwa nguvu, "Amina!"

Nilipofumbua macho, baba mdogo alikuwa bado ameshika kofia yake. Akasema uamuzi usubiri. Kaka akaondoka bila kula.

Sasa hivi moto unawaka. Kaka anasema nimemfanya Mungu fimbo ya kumchapia, niombe radhi mbele ya ukoo. Mume wangu naye ananiambia, "Omba tu radhi yaishe." Nilikwenda kwa mama mchungaji nikiwa nimejiinamia, akaniuliza swali moja tu: "Kwenye ile sala kuna uongo ulisema?" Nikamjibu hakuna, hata risiti ya ile miche niliiona mwenyewe dukani kwa kaka. Akasema, "Basi inua kichwa."

Siombi radhi. Sijamtukana mtu. Kosa langu nalijua na nimeshalitubu: nilijificha nyuma ya Mungu kama mtoto anayejificha kwenye kanga ya mama yake, wakati yeye alinipa sauti ili nisimame nayo.

Kaka kaitisha kikao kingine Jumamosi ijayo. Kanipigia mwenyewe akasema, "Safari hii sala naomba mimi. Wewe utayasema yaleyale umesimama, macho wazi, unaniangalia usoni. Ukishindwa, mama anapanda gari Jumapili." Anajua anapopiga. Ile maiki ya sendofu hajaisahau.

Nikamjibu, "Nakuja, kaka." Nauli nimeshaweka pembeni. Mama kaniambia atakaa mbele kabisa, nikizidiwa nimwangalie yeye. Nitatetemeka, najua, na nitasema hivyohivyo nikitetemeka.

Kwa hiyo wenye ushauri wa kuomba radhi, bakini nao. Nawauliza nyie mliozoea kusimama mbele za watu. Mimi najua kuanza na "Bwana" tu. Nishaurini, macho yakiwa wazi na kaka ananiangalia, neno la kwanza nianze na lipi?