Viganja Sakafuni

Mwezi wangu wa kwanza wa kujitolea kwenye chumba cha mazoezi tiba, niliandika kwenye faili la mwanamke mmoja wa Mbegani: "Anainama vizuri. Mgongo hauna shida." Mwezi wa pili alirudi na mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie ukweli huyu. Si uliuandika mwenyewe?"

Yule mwanamke alilima mwani baharini. Maji yakitoka, huinama kwenye kamba za mwani kwa saa tatu, nne. Sasa kiuno kilimuuma hadi akawa anasali kwenye kiti, na nyumbani walisema anajifanya.

Nikamwomba ainame. Akaweka viganja vyote sakafuni, magoti yamenyooka.

Mama mkwe akacheka. "Haya! Mimi sifiki hata magotini. Nani mgonjwa hapo?"

Nikisema mzima, kesho yuko majini. Nikisema mgonjwa, faili langu linanisuta. Nikamuwaza msimamizi wangu, kisha cheti nitakachopewa nikimaliza kujitolea, kisha mama yangu anayewaambia majirani kuwa mimi ni daktari.

"Inuka," nilisema, ili tu nipate muda.

Hapo ndipo nilipoona. Kushuka alishuka bila taabu. Kuinuka alishika mapaja, mkono huu, kisha ule, akijisukuma juu. Safari ile ya kwanza nilikuwa nimeshageukia faili, naandika.

Nilimkunja kidole gumba, kikalala kwenye mkono, juu ya kifundo. Viwiko vilipinda kinyume, magoti pia. Nikamwomba ainame nusu na abaki hivyo, kama yuko kwenye kamba. Dakika haikuisha, mapaja yalitetemeka na machozi yakamtoka kimya.

"Viungo vyake vimelegea, mama, ndivyo alivyoumbwa," nilisema. "Kuinama anaweza. Kubaki ameinama ndiko kunakomuumiza."

"Kwa hiyo sijifanyi?" aliuliza yule mwanamke.

"Hujifanyi. Nilikosea mimi."

Nikaifuta sentensi ya zamani kwa mstari. Nikaandika mazoezi ya kukaza tumbo na kiuno, na kwamba mbegu za mwani azifunge kwenye kamba nchi kavu, amekaa.

"Kufunga atafunga," mama mkwe alisema. Hakuwa anacheka tena. "Na kuzipeleka majini? Mume wake yuko Dar. Nani mwingine, mimi na magoti haya?"

Wote wawili walinitazama.

"Nitakwenda mwenyewe, mama," mwanamke alisema akijitanda khanga. "Nitakuwa napumzika."

Nami nikaandika hivyo hivyo: atakuwa anapumzika.