Mtu wa Kukaa na Mgonjwa

Nilipomaliza sekondari mjini Riyadh, nilikuwa na mwaka mmoja kabla ya kuomba nafasi ya kusomea udaktari. Mama, ambaye ni muuguzi huko, alisema vyuo havitaangalia alama peke yake. Vitauliza kama umewahi kuwa karibu na mgonjwa, na ulimfanyia nini. Akanitafutia nafasi ya kujitolea hospitalini kwake: fulana ya kijani, beji yenye picha, meza karibu na lango kuu, na kazi ya kuwaelekeza watu lifti iliko. Mwisho wa mwaka ningepewa cheti.

Nilikwenda kuitazama kazi hiyo asubuhi moja. Wenzangu walikuwa na adabu na Kiingereza kizuri. Mgonjwa aliyezungumza nami kwa muda mrefu zaidi aliniuliza choo kiko wapi, akashukuru, akaenda. Sikuona ubaya wowote. Ila nilirudi nyumbani nikiwa bado sijui kama ninaufaa udaktari, na hilo ndilo nililotaka kulijua kabla ya kutuma maombi.

Wiki iliyofuata mama mdogo alipiga simu kutoka Jeddah. Anaishi Al-Mahjar, na yeye na Wakenya wenzake wana kikundi cha kusaidiana. Dada mmoja wa kikundi, mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya Al-Rawdah, alikuwa amelazwa afanyiwe upasuaji wa mawe ya nyongo. Huku mgonjwa hutarajiwa awe na murafiki, mtu wake wa kukaa naye wodini: amshike mkono akienda msalani, amwite muuguzi, amsikilize daktari. Wenyeji huja na binti au dada zao. Mfanyakazi wa ndani hushushwa na dereva mlangoni, na kiti kilicho kando ya kitanda chake hubaki kitupu.

"Sisi wote tuko kazini," mama mdogo alisema. "Wewe si unataka udaktari? Njoo ukae."

Mama alikubali shingo upande. "Nenda, lakini nataka jibu kabla ya Jumapili. Nafasi ile inagombaniwa."

Dada mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kitale. Aliponiona alishika kiuno palepale kitandani. "Hee! Nimeomba mtu, wameniletea msichana wa shule!" Wasiwasi wake ulikuwa mmoja. "Madam amenipa ruhusa mpaka Alhamisi. Ijumaa ana wageni. Kesho nipasuliwe, niende zangu."

Kitanda cha pili alilala bibi mmoja mwenyeji, na binti yake alikuwa amekuja na chupa za gahawa, kahawa ya Kiarabu, na chai ya maziwa. Hawakuweza kunywa kitu bila kumpitishia kila aliyekuwa chumbani.

Asubuhi ya upasuaji nilitoka kunawa uso, nikamkuta dada akiweka chini kikombe cha karatasi. Mara muuguzi akaingia, Mfilipino.

"Akil mafi?" aliuliza, kwa Kiarabu kile cha kazini ambacho kila mgeni hukielewa. Hujala kitu?

"Mafi," yaani hakuna, dada akajibu bila kupepesa macho.

Hakuwa anadanganya. Kwetu mtu aliyekunywa chai kavu, bila kitafunio, bado hajala, hata kama nusu ya chai hiyo ni maziwa.

"Dada, na ile chai?"

"Si ni chai tu! Chai ni chakula?"

Muuguzi alifuata macho yangu hadi kwenye kikombe, akakiinua, akakitazama ndani, akatoka kwenda kumpigia daktari wa usingizi. Maziwa yakiwa tumboni yanaweza kupanda mgonjwa akiwa hajitambui, yakaingia mapafuni. Upasuaji ukaahirishwa hadi kesho yake.

"Ulikuja kunisaidia ama kunichunga?" dada aliniuliza.

"Kukusaidia."

"Basi umesaidia. Madam atatafuta mtu mwingine." Akageukia ukuta.

Nilijua nimefanya sawa, lakini kujua hivyo hakukunipunguzia kitu. Kwenye ile meza ya Riyadh, mtu akinikasirikia angepanda lifti akaenda zake. Huyu alikuwa hapa, na mimi ndiye niliyepaswa kumshika mkono akitaka kwenda msalani. Nikakaa. Adhuhuri ilipopita akasema, bila kugeuka, "Mpigie madam. Kiarabu chako ni cha shule, atakusikiliza."

Nilimweleza madam yote, pamoja na mapumziko ambayo daktari aliyataka. Akasema, "Halas, mafi mushkila," yaani basi, hakuna shida. "Apone kwanza."

"Ni halas ya hasira ama ya sawa?" dada aliuliza.

"Ya sawa. Anasema upone kwanza."

Ndipo akageuka. "Sasa kaa vizuri. Umenikalia kama askari."

Upasuaji ulikwenda salama. Alhamisi nilimsikia akituma ujumbe wa sauti kwa kikundi: "Huyu msichana ni mkali, hapitishi hata chai. Lakini yule wetu wa mtaa wa Karantina akilazwa wiki ijayo, mtumeni huyuhuyu."

Nikampigia mama. "Nafasi ya Riyadh wampe mwingine. Nabaki huku."

"Huko hakuna cheti."

"Najua." Nikamsimulia yote kwa mpangilio: kikombe, jibu, hasira, simu, na ujumbe wa sauti.

Alipojibu, sauti yake ilikuwa ile anayoitumia wodini. "Ameshajamba?"

"Mama!"

"Baada ya upasuaji wa tumbo lazima tujue. Murafiki asiyeuliza hilo anapamba kiti tu. Muulize."

Nikamuuliza. Dada alibana mishono kwa mikono miwili asicheke. "Mwambie tangu alfajiri! Na bibi wa pale aliitikia alhamdulillahi."

Mama alimsikia mwenyewe. "Vizuri," alisema. "Leo mtembeze kidogo, polepole. Mimi nitawaambia huku hospitalini huji."