Mume Wangu Alikataa Fundi, Akajenga Chumba Mwenyewe, Sasa Ananiletea Isale

Admin, naomba unifichie jina kabisa, maana mawifi zangu wote wamo humu na hawapitwi na kitu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa Kirua Vunjo, nina mabinti wawili wakubwa. Mume wangu anaongoza watalii mlimani. Nitamwita Baba Aika, si jina lake. Kwao yeye ndiye kitindamimba, na kwa mila zetu nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo, vikabaki kwake. Wazazi wameshatangulia mbele za haki. Nyumba yenyewe ni ya zamani, mabati yana kutu, jikoni kuta nyeusi tii. Miaka yote nilikuwa namlilia turekebishe, ananijibu "tutaona".

Mwaka huu wageni walipopungua mlimani, akaamka tu asubuhi moja akasema tunakarabati. Nikapiga vigelegele. Nikamwambia kuna fundi pale Kiboriloni alimjengea dada yangu, kazi yake safi. Weee! Sikumaliza hata sentensi. "Mama Aika, nyumba ya baba yangu haiguswi na fundi. Nitaifanya kwa mikono yangu." Jamani, huyu ni mtu ambaye kitasa cha choo kilimshinda, tukawa tunafunga mlango kwa kamba mpaka Krismasi!

Lakini nikamuunga mkono. Mimi ndiye nilikuwa nachota maji, nachekecha mchanga, nakoroga saruji. Lipu ya kwanza ilidondoka yote ikamwangukia kichwani, nikacheka mpaka nikakalia ndoo. Akarudia, akarudia, ikashika. Jikoni palivyoisha nilisimama pale nikalia kwa furaha. Siwadanganyi, nilimpenda upya.

Baada ya hapo akahamia stoo ya nyuma, ile baba mkwe alikuwa anawekea kahawa. Akatoboa dirisha, akamwaga sakafu, akavuta maji. Nikamuuliza ni chumba cha nani. "Cha wageni." Wageni gani? Ndugu zake Krismasi wanalala sebuleni tangu naolewa na hakuna aliyewahi kulalamika. Nikishika koleo nimsaidie ananiambia nenda kapumzike. Mimi huyo nipumzike, lini aliwahi kuniambia hivyo? Mara anaaga anafuata mchanga Chekereni, anarudi bila mchanga, ana kiroba cha mchele mpya. Nikauliza umetoa wapi? "Nimepewa." Nani anampa mtu mchele alipofuata mchanga?

Siku moja kaenda mjini, nikaingia kufagia. Nikapapasa swichi ya taa, siioni. Nikaja kuiona huko chini, usawa wa kiuno changu. Aliporudi nikamtania, "Fundi wangu, hii swichi umemwekea mbuzi?" Hakucheka. Akasema amekosea vipimo. Sawa, si fundi, anakosea. Lakini kesho yake nikaona na sinki la kunawia liko chini vilevile. Na vile vigingi vya kutundikia nguo navyo chini. Mtu anakosea vyote kwa kipimo kilekile? Binti yangu mdogo ananifikia sikioni. Hakuna mtu ndani ya nyumba hii wa kimo kile.

Ndipo akili ikanifunguka kwa nini hakutaka fundi. Fundi angeuliza, "Bosi, hapa analala nani?" Na mafundi wetu mnawajua, jambo lingefika Kiboriloni kabla saruji haijakauka.

Jumapili iliyopita tumetoka kanisani, naona shangazi yake mkubwa anaingia. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." Akaitikia bila kuniangalia usoni. Baba Aika akasimama nyuma yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Shangazi akatoa jani la isale, akaninyooshea kwa mikono miwili. Msio Wachagga niwaambie, mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na isale halikataliwi. Ukilipokea umesamehe, na huruhusiwi kulifufua tena jambo hilo. Ukilikataa, ukoo mzima unakuona umejitafutia laana.

Nikauliza, "Amenikosea nini?"

Shangazi akasema, "Pokea kwanza mwanangu, mengine mtaongea."

"Nasamehe kitu gani nisichokijua?"

Baba Aika anaangalia sakafu tu. Nikamgeukia shangazi, nikamuuliza kitu kimoja tu: "Ana miaka mingapi?"

Ndugu zangu, yule mama hakuniuliza "nani?" Alisema tu, "Pokea kwanza."

Sikupokea. Alilitia kwenye glasi ya maji, akaiweka juu ya kabati, akaondoka bila kunywa hata chai. Lipo pale mpaka leo, kila nikipita naliona.

Ninachoogopa si mtoto, mtoto hana kosa. Naogopa akiwa wa kiume. Kwetu kihamba ni cha mtoto wa kiume, na sijawahi kusikia Baba Aika akisema mabinti zangu watapata nini. Je, nyumba niliyoikorogea saruji kwa mikono yangu nilikuwa namtengenezea mwenye nayo mwingine? Na nikishapokea lile jani, nitakuwa na mdomo gani wa kuwatetea wanangu?

Jana jioni amekuja jikoni taratibu, ameshika karatasi ya mifano ya rangi. Kaniambia, "Mama Aika, ya kile chumba chagua wewe."

Sijamjibu. Mama zangu, dada zangu, na nyie kaka mnaozijua mila zetu, msinicheke. Nipokee isale ndipo nijue ukweli, au nimwambie aseme kwanza hata kama ukoo mzima utanigeuka? Anasubiri nimtajie rangi.