Siku Duka Letu Lilipohamia Winguni

Mimi ndiye msimamizi wa kompyuta kwenye duka letu la mbegu na mbolea, Sumbawanga mjini. Bosi alinipa kazi ya kupanga jinsi ya kuhamishia programu za mauzo na stoo mtandaoni, huko wanakoita winguni, ili kompyuta zikiharibika kazi isisimame. Kwa mbwembwe zangu nikaandika kwenye grupu la wafanyakazi: "Jumamosi tunahama!"

Baba Yasinta, mtunza stoo, akanifuata.

"Tunakwenda mbali?"

"Mbali sana, ila wezi hawafiki."

"Na vitu vizito?"

Nikadhani anasema zile programu kubwa za hesabu. "Hivyo ndivyo vitakavyotangulia, baba."

Jumamosi asubuhi nikakuta lori la Fuso mlangoni. Nusu ya mbolea imeshapakiwa, shelfu zimefunguliwa. Wateja wetu wa Mpui walikuwa wanabeba mifuko, na mama mmoja ameleta sufuria nzima ya ugali wa ulezi. Hakuna aliyewaomba. Walisikia tu tunahama, wakaja. Machozi yalinilenga.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia Baba Yasinta.

"Marahaba, mwanangu. Tuelekeze basi. Dereva anauliza, ni njia ya Matai au ya Kate?"

Wote wakanigeukia, mizigo mabegani.

"Baba," nikasema kwa sauti ndogo, "tunahamia winguni."

Baba Yasinta akatazama juu. Kisha yule mama wa ugali akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Sijawahi kumshukuru mtu kama nilivyomshukuru yeye.