Supu ya Kuongeza Askari wa Mama

Mama yangu alisahihisha hesabu za darasa la sita kwa miaka thelathini na moja, na naamini ndiyo sababu alipopewa majibu ya damu yake aliuliza, "Nimepata ngapi?"

Tulikuwa kliniki ya moyo. Moyo wake umechoka kusukuma damu. Miguu huvimba, na vile vingazi vitatu vya barazani kwetu Tandika humlazimu kupumzika njiani. Daktari, kijana mpole, alieleza kwamba safari hii ameangalia pia seli nyeupe, askari wa mwili. Wapo wa kukimbilia vitani na wapo wa kupanga mambo kwa utulivu. Mgonjwa wa moyo akiwa na wengi mno wa kwanza na wachache wa pili, ni dalili kwamba mwili uko kwenye msukosuko.

Mama aligeuza karatasi, akagawanya wale wa kwanza, sabini na nane, kwa wale wa pili, kumi na mbili, kwa mkono.

"Sita na nusu. Inatakiwa ngapi?"

"Ikiwa chini ndiyo vizuri, mama. Lakini ni dalili moja tu kati ya nyingi."

"Nitarudia lini?"

"Baada ya wiki sita."

Mama alipotangulia nje, daktari alinibakisha. Alisema namba ile, ukiichanganya na vipimo vingine, inamtia wasiwasi, na hawezi kuniahidi kwamba mama atafikisha mwaka. Sikumwambia mama. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Kosa nililifanya kesho yake gengeni, nikichagua nyanya. Jirani aliniuliza hali ya mwalimu, nikajibu kwa mkato, "Askari wamepungua."

Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari, na kila mtu aliielewa kivyake. Mama mmoja alinivuta pembeni, akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba siku hizi hakuna aibu, dawa zipo, watu wanaishi nayo miaka mingi tu. Nilirudi nyumbani nimefura. Mama alicheka mpaka nikamtafutia mto wa kuegemea.

"Miaka sabini na mbili," alisema akipata pumzi. "Kama wanadhani bado nina uwezo huo, usiwasahihishe."

Kisha chupa za chai zikaanza kuingia, ila ndani hamna chai. Supu ya kongoro, supu ya pweza, supu ya kuku wa kienyeji, zote za kuongeza askari, zote na chumvi ya kutosha. Mama alikuwa ameruhusiwa lita moja na nusu ya kila kinachonyweka kwa siku, na chumvi asiiguse. Lakini mtaani kwetu mtu akimletea mgonjwa kitu humimina mwenyewe, kisha hukaa akimtazama mpaka kikombe kiishe. Na chombo hakirudishwi na mabaki. Mama, ambaye hajawahi kumwaibisha mgeni, alikunywa.

Kila asubuhi alikuwa akijipima na kuandika uzito kwenye daftari. Siku ya tatu kilo tatu zilikuwa zimeongezeka, na vifundo vya miguu havionekani. Bibi wa nyumba ya pili alipotokea na chupa yake, nilimzuia mlangoni.

"Shikamoo bibi. Hiyo supu itamuua."

Bibi wa watu aligeuza na chupa yake.

"Umenifukuzia watu," mama aliniambia jioni. "Miguu itapona, halafu nikae naangaliana na wewe?"

Kesho yake tulipita kliniki kubadilishiwa dawa, kisha akanituma nikaombe radhi. Na akapanga utaratibu mpya. Wageni wataambiwa kwamba supu inanyweka saa moja baada ya kidonge, kwa hiyo waache chupa, wapige soga, waende.

"Halafu supu anakunywa nani?"

"Aliyewafukuza."

Nilikunywa supu za mtaa kwa wiki tano. Mama alinifungulia safu yangu kwenye daftari, akawa ananipima na mimi. Yeye alipungua kilo nne. Mimi niliongezeka tano, na sketi ya kazini ikawa inafungwa kwa pini.

Siku ya kurudia kipimo alivaa gauni alilokuwa akivaa wageni wa ukaguzi wakija shuleni. Majibu yalisema sabini na mbili kwa kumi na nane. Hata mimi niliigawanya haraka: nne.

"Nimefaulu?"

"Imeshuka, mama, nimefurahi. Lakini huu si mtihani. Moyo wenyewe hautarudi kuwa wa zamani. Tuonane baada ya miezi mitatu."

Kwenye bajaji, tulipokaribia nyumbani, mama alinigeukia.

"Siku ile ulipobaki ndani, alikwambia nini?"

"Mambo ya dawa."

"Mwanangu, nimegawa matokeo miaka thelathini na moja. Sura ya mtoto aliyeficha ripoti naijua."

Nililia palepale, mtu mzima na pini yangu kiunoni. Mama alinipigapiga gotini, kisha akamwambia dereva asimame dukani. Daftari lilikuwa limejaa, nikamnunulie kaunta buku ya jalada gumu; ile nyembamba, ya kwaya moja, itatosha.

Muuzaji alinipa ya kwaya moja. Nikaishika, nikairudisha, nikamwambia anipe nene kuliko zote alizonazo. Ilikuwa ya kwaya nne.

Mama aliipima kwa mikono miwili. "Yote hii ya nini?"

"Ya uzito."

"Wangu au wako?"

"Wetu wote. Uijaze."

Alinitazama kidogo, akaniomba kalamu, na bajaji ikiruka kwenye mashimo akaanza kupiga mistari.