Kilichokuwa Kitanda

Siku hizi kuna wanawake wanaojirekodi kwenye simu wakigeuza maboksi ya viatu kuwa droo za nguo. Muziki unapigwa, mikono yenye kucha nzuri inakata na kugundisha, na huko chini watu wanaandika kwamba dada una kipaji. Binti yangu hunionyesha akidhani nitafurahi. Ninatazama mpaka mwisho, namrudishia simu yake, kisha naondoka, maana nikikaa nitasema maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi bila muziki wowote. Shukrani niliyopata nitaieleza hapa, na sitaipaka sukari.

Nililetwa Kisaka kutoka kwetu Nyambureti baada ya kumaliza kidato cha nne na kupata matokeo yasiyonipeleka popote. Aliyenioa alikuwa mama mzee, mjane. Kwetu sisi Wakurya jambo hilo lina jina lake, nyumba ntobu: mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anamchukua msichana, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wa nyumba ile na kuirithi. Baba mzazi wa watoto wangu ni mtu wa pembeni, na huko pembeni nitamwacha. Mzee yule nilimwita mama, naye aliniita mkamwana kama ambavyo mama mkwe yeyote angeniita. Alikuwa amezaa binti mmoja tu, ambaye ameolewa Tarime mjini, pale Bomani. Huyo ndiye wifi yangu.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, imara kabisa, lakini kila kitu ndani yake kilikaa chini. Sahani ziko ndani ya beseni, beseni liko chini. Unga uko kwenye mfuko, mfuko uko chini, na panya wanajua njia ya kuufikia kuliko mimi. Nguo za mama zilikuwa kwenye salfeti, mfuko wa mbolea uliofungwa kwa kamba, na kila Jumapili ilibidi salfeti nzima imwagwe ili kanga ya kanisani ipatikane. Lakini stoo, ndugu yangu, stoo ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Kitanda cha mbao kilichovunjika mbavu. Mlango wa nyumba ya zamani. Baiskeli ya marehemu mume wake, isiyo na tairi wala mnyororo. Ndoo za rangi, madumu ya mafuta ya kula, vyandarua vilivyotoboka. Mama hakutupa kitu. Hakutumia pia. Alivilinda tu.

Nilianza na kitanda. Mama alikuwa ameenda msibani kijiji cha pili, nami nikaazima msumeno na nyundo kwa jirani. Nikasimamisha ubao wa kichwani upande mmoja na wa miguuni upande mwingine, nikakata mbao za ubavuni ziwe fupi, nikazipigilia kuunganisha pande hizo mbili. Chaga nikazipanga katikati kama rafu, moja juu ya nyingine, na kila pembe nikaikaza kwa waya wa kufungia nondo. Sahani zikapanda juu. Vikombe vikapanda. Nguo za mama zikakunjwa zikakaa rafu ya chini, nami nikatundika kanga kuukuu mbele iwe pazia. Nilirudi nyuma nikalitazama kabati langu, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mama aliporudi alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mkamwana, umenivunjia kitanda!"

"Shikamoo mama. Kilikuwa kimevunjika."

"Kilikuwa kimevunjika chenyewe. Sasa umekivunja wewe."

Hakunisemesha hadi Jumapili. Jumapili alifungua pazia, akachukua kanga yake bila kumwaga chochote, akavaa, akaenda kanisani. Aliporudi alikuja na akina mama wa kwaya. Aliwasimamisha mbele ya lile kabati akalifungua na kulifunga pazia kana kwamba yeye ndiye aliyeshika msumeno. "Vyombo vyangu havilali chini tena," aliwaambia. Mimi nilikuwa jikoni napika chai ya hao wageni, na nilisikia.

Baada ya hapo stoo ilikuwa yangu. Ndoo za rangi nilizisugua kwa mchanga na maji ya moto mpaka harufu ikaisha, zikawa za ulezi, mahindi na maharage, na mifuniko yake ilibana hata panya wakakata tamaa. Madumu niliyakata ubavuni, nikayapigilia ukutani kwa misumari yenye vizibo vya soda, yakashika miko, visu, viberiti na dawa za watoto. Vyandarua nilivishona vikawa mifuko ya vitunguu. Ringi ya baiskeli niliitundika kwenye kenchi ya paa kwa kamba, nikapinda waya ziwe kulabu, na sufuria zote zikaning'inia hapo. Mlango wa zamani ukawa meza ya mitungi. Watoto walipoanza shule, salfeti tupu niliishona mifuko mifuko, nikaitundika ukutani, kila mtoto na mfuko wake wa daftari. Wakipoteza kalamu, hawana wa kumsingizia.

Wifi alikuja mara kwa mara kumwona mama yake, akiwa na mikate ya mjini na sukari. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiingia anatazama kilichoongezeka, anagusa, anauliza nimefanyaje. Safari moja aliniomba nimkatie dumu kama yale yangu, akaondoka nalo Bomani, na baadaye akanipigia kuniambia kwamba majirani zake wameliiga. "Wifi, una mikono," alisema. Kabati alikuwa akilifungua mwenyewe kutoa sahani. "Niwekee kwenye kabati," alikuwa akiniambia, akinikabidhi vile vikombe alivyoviosha. Nasisitiza hili, nina sababu yangu.

Mama aliugua akakonda, akawa wa kugeuzwa kitandani. Mimi ndiye niliyemgeuza. Siku zake za mwisho alipenda mlango wa chumba uachwe wazi ili aone sebule, na mara nyingi niliyakuta macho yake yametua kule kwenye rafu. Sijui alikuwa akifikiri nini. Ningependa kusema kwamba alinitamkia neno, kwamba alisema hivi vyote ni vyako. Hakusema. Alisema maji, alisema nigeuze, na asubuhi moja hakusema kitu.

Tulimzika. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo wakakaa kugawa vitu vyake. Nieleze vizuri hapa ili mtu asidhani nililia shamba. Shamba na ng'ombe havikuguswa. Ni vya mwanangu wa kiume, na wazee walilitamka hilo kabla hata chai haijaletwa. Kinachogawiwa siku hiyo ni vitu vya ndani vya marehemu, vipate kwenda kwa damu yake na ndugu za mume wake, kila mtu awe na cha kumkumbukia. Mke aliyeletwa, kama mimi, anabaki na alichokuja nacho. Ndiyo desturi, nimeikuta, na mpaka siku ile sikuwa na ugomvi nayo.

Aliyesimamia alikuwa binamu wa marehemu mume wa mama, mtu mwenye sauti ya taratibu. Alianza na mimi.

"Mkamwana, ulikuja na nini?"

"Begi la nguo, baba. Na blanketi. Na sufuria ndogo."

Vikatafutwa, vikawekwa karibu na mlango. Kisha mzee akazunguka sebuleni kwa fimbo yake, na kila alipoinyoosha alitamka jina. Ringi na sufuria zake juu akaiita baiskeli. Meza ya mitungi akaiita mlango. Nilikuwa nimekaa chini na akina mama. Fimbo ikafika ukutani.

"Kitanda."

Nikasimama. Wanawake hawasimami pale, lakini nilisimama.

"Samahani, baba. Hilo ni kabati."

Watu walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyomcheka mtoto aliyesema jambo mbele ya wageni.

"Mbao zake zilitoka wapi?" mzee aliuliza.

"Kwenye kitanda kilichovunjika."

"Kitanda cha nani?"

"Cha mama."

"Basi si umeshajibu, mkamwana?"

Nilimgeukia wifi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba. Yeye alijua. Katika watu wote waliokuwamo mle, yeye ndiye aliyekuwa akiliita kabati kwa mdomo wake. Sikuwa nagombania mbao. Mbao zipo, wilaya nzima ya Serengeti ina mbao. Nilitaka mtu mmoja aseme mbele ya wazee wale kwamba kuna kitu katika nyumba ile kilichotoka mikononi mwangu. Kingine wangechukua, wangechukua hata begi.

Mzee naye akamgeukia. "Wewe binti wa marehemu, unakitambua?"

Wifi alitazama pazia la kanga kwa muda. Akajifuta pua.

"Nilizaliwa juu ya zile chaga," alisema. "Ni kitanda cha mama yangu."

Na ilikuwa kweli. Ningefurahi kama angesema uongo, ningepata cha kushika. Wanawake walianza kumpangusa machozi, mmoja akaniambia kwa Kikurya nikae chini, nikakaa.

Walipakia mchana ule ule kwenye kirikuu, kigari cha mizigo alichokuja nacho mume wa wifi. Lakini kabati halichukuliwi na vyombo ndani, na ndoo haichukuliwi na ulezi wa watoto, kwa hiyo kwanza walitoa. Vijana wa ukoo walifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa, hilo nalo liliniuma. Sahani zikateremka, zikapangwa chini. Vikombe chini. Nguo za watoto kwenye mkeka. Ulezi ukamiminwa kwenye beseni, maharage kwenye sufuria, mahindi yakarudi kwenye mfuko. Walipofika kwenye madumu yaliyokatwa, kijana mmoja akauliza haya je, na mzee akafikiri kidogo. "Hayo aachiwe," alisema. "Naye apate kitu." Alikuwa ananihurumia. Nilitamani kuyang'oa ukutani nimpe yote ayabebe kichwani.

Waya zangu ziliwashinda vidole, wakatafuta koleo. Walipozikata, kabati lilifunguka likalala, na mbao zikabebwa kama zinavyobebwa za kitanda, za kichwani kwanza. Wifi aliniaga kwa kunikumbatia. Mimi mikono yangu ilibaki chini. Kirikuu kilipotoka binti yangu alisimama sebuleni katikati ya vyombo, akaniuliza aweke wapi daftari zake, maana hata ule mfuko wa ukutani ulikuwa umechukuliwa: salfeti ilikuwa ya marehemu. Nikamwambia weka popote. Akanitazama, kwa sababu mimi si mama wa kusema popote.

Niliviacha chini. Akina mama wa kwaya walikuja kunifariji, wakazungusha macho ukutani, wakaona, wakanywa chai bila kuuliza. Jirani aliniletea maboksi, akidhani ni ya kunichangamsha. Niliyawashia moto. Panya walirudi, nami nikanunua sumu. Watu wanasema ni huzuni ya kufiwa. Mama nilimlilia, ndiyo, na bado namlilia. Lakini ile haikuwa huzuni, ilikuwa hasira, na hasira yangu inajua kukaa.

Mvua zilikuwa zimekatika na nilikuwa uwanjani napura maharage wifi alipopiga simu. Alianza na habari za watoto, za mifugo, za mvua. Nilijibu nzuri, nzuri, nzuri. Kisha akaja kwenye shida yake.

"Wifi, fundi amejaribu, amejaribu tena. Hakisimami. Zile mbao za ubavuni ulizikata fupi, mtu halali hapo, hata mtoto."

"Nilizikata."

"Najua. Silaumu." Nilisikia akivuta pumzi. "Nimeona bora lirudi tu kuwa kabati. Nimelikumbuka lilivyokuwa, lilikuwa zuri sana, wifi. Fundi haelewi ulivyofunga pembe. Nielekeze, au ningekutumia nauli uje unifungie. Lile kabati lako hakuna wa kuliweza."

Lako. Alilisema kirahisi kabisa, kama anavyosema habari za mvua. Nilikuwa nimeshika fimbo ya kupuria, nikaipiga chini mara moja, maharage yakaniruka miguuni. Neno hilo alikuwa nalo siku ile ya wazee. Alikuwa nalo mdomoni, ameketi kwenye kile kigoda, na wote walikuwa wamemgeukia wamsikie.

"Kabati lipi?" nilimuuliza.

"Wifi, jamani."

"Mlibeba kitanda. Mwambie mzee aje asimamishe kitanda."

Nilidhani nikisema hivyo kifua kitapoa. Hakikupoa. Nilimsikia akilia upande wa pili, kilio kile kile cha siku ya matanga, na nikajua kwamba anamlilia mama yake na mimi namlilia huyo huyo, na kwamba pembe nne za waya ningeweza kumweleza hata kwenye simu, akaandika, fundi akamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Nikakata. Alipiga tena, nikaiacha simu ikaita juu ya gunia mpaka ikanyamaza, kisha nikaendelea kupura. Mbao zile, nasikia, ameziegemeza uani kwake Bomani, na mchwa wameanza.